Mgeni Anamwakilisha Nani?

Shule ya Chinkhombwe,
Ntchisi.
5 Oktoba 1981

Mpendwa Mjomba Lameki,

Tangu chaki igunduliwe hajazaliwa mwalimu wa kunifikia mimi, mpwa wako Bizeki. Nasema hivi bila majivuno, kwa sababu majivuno ni kusema jambo lisilo kweli. Ijumaa nilifundisha dakika arobaini bila kitabu, bila maandalizi na bila kujua ninachofundisha, na darasa zima likapiga makofi. Hata mbuzi wawili waliokuwa dirishani walibaki mpaka kengele.

Nakusalimu kwa magoti yote mawili, wewe na mkaza mjomba Elube na watoto. Huku hatujambo. Mguu wa mama umepungua uvimbe, ila mdomo wake haujapungua kitu, anakuulizia kila siku kwa nini huji kuwatazama watu wako.

Najua unacheka. Unasema, huyu aliyeangushwa na mtihani wa kidato cha pili mara mbili amekuwaje mwalimu wa kidato cha pili? Ndiyo hivyo, Mjomba. Nani anakijua kidato cha pili kama mtu aliyeishi humo miaka mitatu?

Mkuu wetu, Bwana Nkhwazi, alikosa mtu wa somo la fasihi. Aliyekuwepo, Mwalimu Sakala, aliondoka Jumanne moja ya Agosti katikati ya kipindi, na watu wawili waliokuja na gari la kijivu. Hajarudi. Koti lake liko kwenye msumari na baiskeli yake iko stoo. Nilipouliza amehamishiwa wapi, Bwana Nkhwazi akaniambia nijizoeze kuuliza maswali yaliyo kwenye silabasi. Koti silivai, lina mabega mapana. Baiskeli naipanda.

Sasa nina kashida kadogo. Sakala aliacha orodha ubaoni na hakuna aliyethubutu kuifuta: mandhari, wahusika, msuko, taharuki, msimulizi, ishara. Wanafunzi wanataka nieleze. Wewe ulifundisha haya miaka kumi na moja kabla hujaenda kupima makapu ya majani ya chai. Nieleze neno moja moja, niwe mbele yao kwa wiki moja tu. Mwalimu ni nani zaidi ya mtu aliye mbele kwa wiki moja?

Mpwa wako, fahari ya ukoo,
Bizeki Kachipande


Thyolo.
1 Novemba 1981

Bizeki,

Barua yako imefika. Gundi uliyotumia safari hii ni nzuri kuliko ninayokujua nayo.

Sisi wazima. Mtoto wa mwisho amekohoa wiki nzima, sasa nafuu. Mvua bado, ila chai haijasimama. Tuna amani na utulivu, kama siku zote. Mwambie dada yangu mguu aukande kwa maji ya chumvi na aache kutembea kwenda kusuluhisha ugomvi wa watu wasiomwita.

Haya maneno yako. Mandhari ni mahali na wakati, lakini usiwafundishe kama picha ya ukutani. Nyumba yenye mlango mmoja inazaa hadithi tofauti na nyumba yenye milango miwili, hata wakazi wakiwa walewale. Kuhusu mhusika, usiwaulize kama ni mwema au mbaya. Waulize anataka nini, na nani anamzuia. Mambo yaliyotokea peke yake siyo msuko. Msuko unaanza pale unapoweza kusema kwa nini hili lilifuata lile.

Taharuki watu wengi hudhani ni kelele na mbio. Siyo. Taharuki ni pale msomaji anapojua jambo ambalo mhusika halijui, na hana namna ya kumwita.

Msimulizi na mwandishi ni watu wawili. Anayesema “mimi” ndani ya hadithi siye mwenye kalamu. Hili lifundishe mara tatu, hata wakichoka.

Baiskeli irudishe stoo.

Mjomba wako,
L. Mtambalika


Chinkhombwe.
17 Januari 1982

Mjomba mpendwa,

Hii anakuletea Bwana Zgambo, dereva wa lori la mbolea. Ni yule bonge anayecheka mpaka viti vinasogea. Mpe chai, anapenda sukari vijiko vitano. Anasema stempu ni upotevu kama lori lipo.

Heri ya mwaka mpya. Mama mzima. Mvua imetupendelea, mahindi yamenifika kifuani, na wewe unajua kifua changu kiko juu.

Mjomba, nimekuwa mtu mkubwa hapa. Watoto wa kidato cha nne wanakimbia vipindi vyao kuja kunichungulia. Lile la nyumba ya mlango mmoja nilipolisema, Bwana Nkhwazi alikuwa anapita, akasimama. Nikamwambia ni utafiti wangu.

Tatizo lilikuwa hadithi zenyewe. Vitabu vyote vya hadithi vilichukuliwa siku ileile ya Sakala, kwa ukaguzi, na ukaguzi nadhani wanafanya ukurasa mmoja kwa mwezi. Sasa utafundishaje kuogelea mahali pakavu? Krismasi nilikwenda nyumbani, nikafungua sanduku la bati la mama kutafuta shuka, na chini ya mablanketi nikakuta karatasi kumi na mbili kwa mwandiko wako. “Mgeni wa Usiku Mmoja.” Mjomba, kumbe una mambo namna hii na unapima chai?

Nimeinakili ubaoni siku tatu. Wanafunzi arobaini na sita wameiandika madaftarini. Pale mgeni anapofika na mvua akiomba mkeka wa usiku mmoja, walikuwa wanapiga soga. Alipokalia kiti cha mwenye nyumba, wakanyamaza. Pale watoto wa nyumba wanapoanza kumwomba mgeni ruhusa ya kunywa maji, na baba yao analala jikoni, na kila jioni mgeni anasema “kesho naondoka” na wote wanapiga makofi, hapo ungesikia panya akimeza.

Wakauliza mwandishi ni nani. Usikasirike. Mdomo ulinitangulia. Nikasema ni mimi.

Kuna msichana wa mbele anaitwa Tiyamike, miaka kumi na minne, macho kama mkaguzi. Akasema, “Mwalimu, barua uliyomwandikia baba kuhusu ada ilikuwa sentensi moja ukurasa mzima. Huyu aliyeandika hii anajua kupumua.” Nikampa kufagia darasa wiki nzima kwa kumkosea adabu mwandishi.

Bado neno moja: ishara. Wananisumbua, “Mwalimu, mgeni ni ishara ya nini?” Nijibu haraka kabla Tiyamike hajajijibu mwenyewe.

Bizeki, mwandishi mashuhuri


Thyolo.
8 Februari 1982

Bizeki,

Hii itoke mkononi mwa Zgambo iingie mkononi mwako. Barua za posta zinafunguliwa na kubandikwa tena. Ndiyo gundi niliyokuambia.

Nimesoma yako nimesimama na nimeketi baadaye.

Mwaka 1974 uliambiwa nimekwenda masomoni. Ulikuwa mdogo na mama yako alikuwa na haki ya kukudanganya. Hadithi ile niliiandika kwa ajili ya Jeremiya, kaka yake Elube, aliyekuja kwetu kulala usiku mmoja akakaa miaka mitatu. Nilikuwa nacheka nikiandika. Niliisoma mbele ya walimu wenzangu sita, nao wakacheka. Mmoja wa wale sita aliipeleka mahali.

Nilikaa ndani miezi kumi na tisa bila kuambiwa kosa. Kila asubuhi swali moja: mgeni ni nani? Nikajibu Jeremiya. Nilipigwa kwa ajili ya Jeremiya mpaka nikaacha kumtaja. Siku ya kutoka nilitia sahihi kwamba hakuna nakala iliyobaki popote. Karatasi ulizoziona nilimpa dada yangu kabla, na nikasahau kwamba yeye hatupi kitu. Zikionekana, Bizeki, safari hii sitatoka. Nina miaka hamsini na mbili na mapafu yangu unayasikia ukiwa barabarani.

Choma karatasi. Kusanya madaftari, choma kurasa. Waambie wamekosea kunakili, waambie chochote, kusema uongo hujashindwa. Na usiseme tena kwamba ni yako. Ukisema ni yako watakuchukua wewe, na mpwa akichukuliwa, anayeitwa kusimama mbele ya wakubwa kumsemea ni mjomba. Njia zote mbili zinafika mlangoni kwangu.

Ukishachoma, niandikie kwa posta kwamba mbuzi mweupe amechinjwa. Usiongeze.

Ishara. Siwezi kukuacha hivihivi, umeuliza. Unapoona wachezaji wa ngoma kubwa wakija uwanjani wamefunikwa vinyago, unayajua yale mashavu ya miguu, ni ya fundi baiskeli. Mkewe anajua, watoto wanajua. Hakuna anayetaja jina, na ngoma inaendelea. Ishara ni hivyo. Inafanya kazi wakati watu wanajua na hawataji. Usiwafundishe watoto kutaja.

Mjomba wako


Chinkhombwe.
20 Machi 1982

Mpendwa Mjomba,

Mama anakusalimu. Mimi mzima, shule nzima, wakubwa wazima.

Mbuzi mweupe amechinjwa. Alikuwa mnono ajabu. Tulimla na nsima na majani ya maboga, supu ikabaki ya asubuhi, mkia nikapewa mimi kwa heshima ya ualimu, na ngozi tumeitandika. Yaani amekwisha kabisa, hata kwato hazipo.

Lala salama.

Bizeki


Chinkhombwe.
14 Juni 1982

Mjomba mpendwa,

Naituma kwa Zgambo, sasa anapeleka tumbaku mnadani Limbe, atapinda kwako. Mama hajambo. Shangazi wa Kasungu amezaa mapacha, mmoja ana kichwa chako.

Nianze na mbuzi. Karatasi zako nilizichoma, mama shahidi, alilia kidogo. Madaftari sikuyakusanya. Ningewaambiaje? Ndiyo hadithi pekee waliyokuwa nayo, na mtihani ni Julai. Tena nilikuwa nimeshawasomesha ishara, na mimi nikifundisha kitu hakitoki hata kwa sabuni. Kila kitu waliona ishara. Jiko ishara ya uvumilivu, mkeka ishara ya unyonge, mpishi wa shule ishara ya njaa. Tukabandika karatasi kubwa ukutani, safu mbili: KITU, na ISHARA YA. Kiti, jiko, mvua, makofi, vyote vikajazwa. Kwenye “mgeni” nikawaambia waache wazi. Nilidhani huo ndio uangalifu.

Tarehe tano ilikuwa siku ya wazazi. Mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa chama wa wilaya, na kinamama walicheza na kuimba mpaka vumbi likapanda. Akaanza kupita madarasani. Kwangu akasimama mbele ya ile karatasi. Akasoma taratibu, na kidole. Akafika kwenye nafasi tupu.

“Na huyu mgeni? Mbona hapa hamkujaza?”

Nikasema, “Mheshimiwa, hapo wino uliisha.”

Akamgeukia Tiyamike, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. “Binti, wewe unajua. Mgeni ni ishara ya nani?”

Mtoto akapiga goti vizuri, akatazama chini. Akasema, “Bwana mkubwa, mwalimu alitufundisha ni kama kinyago cha ngoma. Miguu tunaijua, jina hatutaji.”

Darasa likacheka. Mjomba, hawakukusudia. Kicheko kilitoka kwa mmoja nyuma, kikashika arobaini na watano, na wazazi waliokuwa dirishani nao wakaanza, kisha wote wakajisikia wanacheka. Sijawahi kusikia kicheko kikikatika vile. Mwenyekiti naye alitabasamu. Akaomba ile karatasi, akaikunja vizuri, akasema ni kazi nzuri, angependa kuwaonyesha wenzake. Akachukua na daftari la Tiyamike.

Chakula walikula samaki wa ziwani, chambo, wa kukaanga na wali. Bwana Nkhwazi hakula. Tangu siku ile hajanisemesha.

Alhamisi wakaja mabwana wawili, wapole, mashati meupe, wakaniita ofisini. Usiwe na wasiwasi hata chembe. Niliwazungusha kwa maneno mpaka wakasahau walichokuja nacho. Nikawaeleza mandhari, nikawaeleza msimulizi si mwandishi, mmoja akawa ananakili kama mwanafunzi. Wakaondoka wananishukuru. Jina lako halikupita pale.

Tiyamike hajaja shuleni tangu wiki iliyopita. Wenzake wanasema amekwenda kwa bibi yake. Nimepita kwao, mlango umefungwa na kuku wako nje.

Lala usingizi, Mjomba.

Bizeki


Thyolo.
2 Julai 1982

Mpwa wangu Bizeki,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Kuna baridi na ukungu, chai inakua polepole. Sisi wazima.

Jumatano tumepata wageni wawili wenye adabu. Hawakuingilia getini kwa meneja. Walikuja kwa njia ya nyuma, ile ya kukatiza nyuma ya tanuri la kukaushia na kupita kisimani, wakanikuta mlangoni pangu nimevaa ndala. Watu wa hapahapa hupotea njia ile. Tulizungumza vizuri. Wameniomba Jumatatu nifuatane nao mjini kwa mazungumzo zaidi, nami nimekubali kwa moyo mkunjufu. Elube ananifungia blanketi na dawa ya kifua.

Kutoka huko kwenu mtu aliyewahi kuipita njia ile ni Bwana Zgambo. Nimefikiri usiku na mchana, sioni mwingine. Nilimpa chai yangu na sukari yangu. Nimemwandikia mwenye lori kwamba mtu wake hatunzi mdomo wala mzigo, na nimemwambia dada yangu asimfungulie mlango.

Usiache kazi. Mwalimu akiacha katikati watoto hudhani wao ndio wamekosa.

Mama yako asisafiri kunitafuta.

Mjomba wako,
Lameki Mtambalika


Thyolo, kwa mkaza mjomba.
23 Agosti 1982

Mjomba,

Mama ni mzima. Nimekuja mwenyewe kwa basi, siku mbili. Watoto wako wazima, mdogo hakohoi tena. Elube anaruhusiwa kukuletea nguo Jumapili ya mwisho wa mwezi, anasema ataikunja hii ndani ya soksi. Huenda wataisoma kabla yako. Waisome.

Shule siko tena. Bwana Nkhwazi amefunga darasa, ameweka humo madebe ya mahindi. Tiyamike yuko kwa bibi yake kweli, nimemwona kwa mbali anachota maji. Alinitazama, akaweka ndoo kichwani, akaenda zake.

Zgambo amefukuzwa kazi. Alikuja kwetu kwa miguu, bonge lile, amekonda, akaketi chini mlangoni. Akamwambia mama, “Enifa, mimi sikusema. Niulize chochote. Mimi barua zenu hata sijui kuzisoma.” Mama hakumpa hata maji. Alirudi asubuhi yake, na iliyofuata. Watu wa kijiji wameanza kumpisha njiani. Mkewe amerudi kwao Rumphi na watoto. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale, Mjomba, namenya karanga, nasikiliza.

Zgambo hakusema.

Nilikuandikia kwamba wale mabwana niliwazungusha kwa maneno. Sikuwazungusha. Walikuja na soda tatu, wakanifungulia moja. Mkubwa wao alikuwa na daftari la Tiyamike, na alikuwa amelisoma, nakuambia amelisoma kweli. Akasema, “Bwana mdogo, nimeipenda hii hadithi. Nimeirudia mara mbili. Ni wewe umeiandika?”

Miezi mitano nilikuwa nimesema ndiyo kwa kila aliyeuliza, na kwa wengi ambao hawakuuliza. Muuza mandasi sokoni alijua kwamba nimeiandika mimi. Siku ile nikasema, “Hapana bwana. Mimi hata kidato cha pili sikupita.”

Hawakunipiga. Ningependa kukuandikia kwamba walinipiga. Hawakupandisha hata sauti. Nilitaja jina lako lote, na jina la shamba, na nikasema wakipitia getini huenda ukawaponyoka, waingilie nyuma, njia niliyopita mimi likizo zangu zote. Nikachukua chaki nikawachorea mezani, tanuri hapa, kisima hapa, mlango wake huu. Yule mmoja akanakili.

Na walikuwa bado hawajaniuliza ni ya nani.

Bizeki